Utambi wa Koroboi na Maji ya Mimea: Namna Chungu Kinavyoweza Kujinywesha Wakati wa Kiangazi

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka una misimu miwili iliyo dhahiri. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba, nazo hukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Tangu hapo hadi mvua nyingine, yaani kwa muda wa miezi sita au zaidi, ardhi haipati maji ya maana kutoka mbinguni. Upepo wa kusi huvuma, miti ya porini hupukutisha majani, visima vifupi hukauka, na vijito vinavyoteremkia mito ya Lukuledi na Mbwemkuru hubaki mchanga mtupu. Kwa hesabu ya mwaka mzima mvua si haba, kwani ni kati ya milimita 800 na 1,000 hivi. Lakini hesabu ya mwaka mzima haimwambii mtu ni lini maji yatakuwapo na ni lini hayatakuwapo.

Jambo hilo liliwahi kusahauliwa na watu wakubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kuja Nachingwea, matrekta yakaletwa kwa mamia. Huko Kongwa mvua zilikosekana wakati zilipohitajika, na udongo ukakauka hata ukawa mgumu kama tofali, karanga zisiweze kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kupotea. Reli yenyewe iling'olewa baada ya kufungwa mwaka 1962. Makala haya hayahusu mashamba makubwa ya namna hiyo. Yanahusu kitu kidogo mno, nacho ni chungu kimoja cha mmea kilichowekwa nje ya darasa au uani, na lita chache za maji zinazokitosha.

Mkorosho uliopandwa ardhini hautishwi na kiangazi. Huchanua na kuzaa katika miezi hiyo hiyo ya ukame, kwa sababu mizizi yake imekwisha kushuka chini kuyafuata maji yaliyohifadhiwa na udongo. Mmea uliomo chunguni hauna pa kwenda. Udongo wake ni lita tatu au nne tu, jua hulipiga chungu ubavuni, upepo hupita juu na chini, na katika siku mbili tatu akiba yote ya maji imekwisha. Hata hivyo tunayo mimea mingi ya namna hiyo, nayo ina kazi muhimu. Mwalimu wa bayolojia huhitaji mimea hai kwa majaribio ya wanga katika majani, na mitihani ya kidato cha nne huangukia Novemba, ukame ukiwa umefika kileleni. Akina mama hupanda mchicha, sukumawiki na nyanya katika ndoo mbovu na makopo. Na wakulima wanaotaka kupanda miche ya mikorosho mara mvua zinapoanza hawana budi kuiotesha katika viriba tangu Septemba au Oktoba, yaani wakati ambapo maji ni adimu kuliko wakati mwingine wowote.

Debe moja la maji ni lita 20, na uzito wake ni kilo 20 bila ya kuhesabu debe lenyewe. Aghalabu hubebwa kichwani, na aghalabu kichwa hicho ni cha msichana ambaye angepaswa kuwa darasani. Maji hayo yakimwagwa juu ya chungu kwa kopo, sehemu yake hupenya haraka na kutokea tunduni chini, na sehemu nyingine hubaki juu ya udongo na kuchukuliwa na jua kabla mizizi haijayaona. Je, hakuna njia ya kuyafikisha maji kwenye mizizi polepole, kwa kadiri mmea unavyoyahitaji, pasipo mtu kusimama hapo na kopo mkononi? Njia ipo, na kanuni yake imekuwa mbele ya macho yetu kila usiku kwa miaka mingi.

KOROBOI HUFANYAJE KAZI?

Ijapokuwa siku hizi taa za nguvu za jua zimeiondoa koroboi katika nyumba nyingi, hapana shaka kila msomaji anaifahamu. Ni kopo dogo la bati lenye mafuta ya taa, kifuniko chenye mrija mfupi, na utambi wa pamba uliopitishwa humo. Mafuta yako chini na moto uko juu. Hakuna pampu wala mtu anayeyasukuma mafuta, lakini usiku kucha hupanda. Kwa nini?

Molekuli za maji, na za vimiminika vingine, huvutana zenyewe kwa zenyewe. Mvutano huo tuuite mshikamano. Kadhalika, molekuli za maji huvutwa na molekuli za vitu vingine vinavyogusana nazo, kama vile kioo, pamba au chembe za udongo. Huo tuuite mwambato. Maji yakiwa ndani ya mrija mwembamba wa kioo, mwambato huyapandisha ukingoni, na uso wa maji hupinda kama bakuli. Uso huo una tabia ya ngozi iliyokazwa, kwa sababu molekuli zilizo juu kabisa huvutwa na wenzao wa chini na wa ubavuni lakini hazina wa juu. Hali hiyo huitwa mvutano wa uso, na ndiyo inayomwezesha mdudu mwepesi kutembea juu ya maji ya kisima. Basi uso uliopinda huvuta maji yaliyo chini yake yapande mrijani, mpaka uzito wa maji yaliyopanda ulingane na nguvu ya kuvuta. Zebaki, ambayo mshikamano wake ni mkubwa kuliko mwambato wake na kioo, hufanya kinyume: hushuka mrijani.

Tabibu wa Kiingereza James Jurin alieleza mwaka 1718 kwamba kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kuiandika kanuni hiyo hivi: h = 2T cos θ ÷ ρgr. Hapo h ni kimo cha maji, T ni mvutano wa uso, θ ni pembe ya mguso, ρ ni densiti ya maji, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, na r ni nusukipenyo cha mrija. Tukichukua T kuwa 0.072 N/m, na pembe ya mguso kuwa sifuri, twapata kwamba katika mrija wenye nusukipenyo cha milimita 1 maji hupanda sentimita moja na nusu tu. Nusukipenyo kikiwa milimita 0.1 maji hupanda karibu sentimita 15, na kikiwa milimita 0.05 hupanda karibu sentimita 30. Mvutano wa uso wa mafuta ya taa ni mdogo kuliko wa maji, kwa hiyo katika mrija ule ule mafuta hupanda karibu nusu ya kimo hicho. Ndiyo sababu koroboi ambayo mafuta yake yamepungua sana huanza kufifia, ingawa chini yangalipo mafuta.

Utambi si kitu kingine ila fungu la mirija ya namna hiyo. Nafasi zilizo baina ya nyuzi za pamba ndizo mirija yenyewe. Udongo nao ni vivyo hivyo: nafasi zilizo baina ya chembe zake ni mirija iliyopindapinda, mikubwa na midogo. Hata mtungi wa maji wa udongo usiopakwa rangi una mirija hiyo katika ukuta wake. Maji hupenya polepole hadi nje, huvukizwa na upepo, na mvukizo huo huchukua joto la mtungi. Hiyo ndiyo siri ya ubaridi wa maji ya mtungini. Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo madogo yasiyostahili wanasayansi wakubwa. Makala ya kwanza kabisa ya Albert Einstein, iliyochapishwa mwaka 1901, ilihusu kapilari.

KOSA MOJA LA VITABUNI

Baadhi ya wanafunzi hujibu katika mtihani kwamba maji hupanda mtini kwa nguvu ya kapilari katika mirija ya zailemu. Jibu hilo halitoshi, na kanuni ya Jurin yenyewe hulikanusha. Mrija wa zailemu wenye nusukipenyo cha milimita 0.02 ungeyapandisha maji kiasi cha sentimita 73 tu, hali mkorosho una kimo cha mita kadhaa na mbuyu ni mrefu zaidi. Maelezo yanayokubaliwa leo yalitolewa na Henry Dixon na John Joly huko Dublin mwaka 1894. Majani hupoteza maji kwa mvukizo kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata. Katika kuta za seli za majani mna nafasi nyembamba mno, nyembamba kuliko za utambi wowote, na nyuso za maji zilizopinda humo ndizo zinazovuta. Maji yaliyomo katika zailemu hayakatiki kwa sababu ya mshikamano. Basi kutoka kwenye udongo hadi kwenye jani kuna kama uzi mmoja wa maji, na anayeuvuta yuko juu.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo kiini cha habari yetu. Utambi unapounganisha udongo wa chungu na chombo cha maji kilicho chini yake, unakuwa umeurefusha uzi huo. Utambi haumwagilii. Mmea ndio unaochota. Jua likiwaka, majani huvukiza maji, mizizi huyanyonya kutoka kwenye udongo, udongo unaoanza kukauka huyavuta kutoka utambini, na utambi huyavuta kutoka chomboni. Usiku stomata za mimea mingi hufunga, na mwendo wa maji hupungua wenyewe. Koroboi ni vivyo hivyo: ikizimwa, utambi hubaki umelowa na mafuta hayamwagiki. Ni moto unaoyaita.

KUKITENGENEZA CHOMBO

Chukua chungu cha maua au ndoo ndogo yenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, yenye tundu chini. Pitisha utambi mnene kiasi cha kidole cha mwisho katika tundu hilo. Ncha ya juu ichambuliwe na kutandazwa katikati ya udongo, kiasi cha nusu ya kina cha chungu, ili igusane na udongo kwa mapana. Ncha ya chini ifike kwenye sakafu ya chombo cha maji. Chungu kikalishwe juu ya vibao viwili au matofali yaliyovuka chombo, au kiingie mdomoni mwa ndoo nyingine. Kabla ya kuanza, utambi uloweshwe hadi ndani, na udongo umwagiwe maji kutoka juu mara moja. Utambi mkavu ulio na hewa ndani huchelewa sana kuanza kazi, na wakati mwingine hauanzi kabisa.

Kuna desturi ya kutia kokoto chini ya chungu ili maji yasituame. Katika mpango huu kokoto ni adui. Nafasi zilizo baina ya kokoto ni pana mno kuweza kuyapandisha maji, na udongo ukikalia kokoto uzi wa maji unakatika. Mchanga mkavu wenye chembe kubwa una dosari hiyo hiyo. Udongo wa mfinyanzi mtupu nao huyapitisha maji polepole mno, na ukikauka hunywea ukajitenga na utambi. Mchanganyiko wa udongo wa juu wa shambani, samadi iliyooza vizuri na mchanga mwembamba kidogo unafaa zaidi.

Sasa tupige hesabu ya maji. Uso wa chungu chenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la mita za mraba 0.0314. Katika siku ya jua kali na upepo tunaweza kukadiria kwamba mimea na udongo hupoteza kina cha milimita 6 za maji. Hiyo ni lita 0.19 kwa chungu kimoja kwa siku. Vyungu vitano vitatumia chini kidogo ya lita moja kwa siku, na debe moja litavitosha majuma matatu. Wakati wa likizo ya Juni, ambapo siku ni baridi kidogo, tukikadiria milimita 4 kwa siku, vyungu hivyo vitano vitatumia kama lita 18 kwa siku 28. Maana yake ni kwamba debe moja, katika chombo kilichofunikwa vema, linaweza kuilinda mimea ya darasa moja likizo nzima shule ikiwa imefungwa. Lakini hesabu hii ni ya mimea ambayo majani yake hayavuki sana ukingo wa chungu. Mnyanya mkubwa unaozaa huweza kunywa zaidi ya lita moja kwa siku, na utambi mmoja hautaumudu.

Umbali kutoka kwenye maji hadi kwenye udongo ni jambo la kuangaliwa sana. Kiasi cha maji kinachopita utambini huongezeka kadiri utambi unavyokuwa mnene, na hupungua kadiri unavyokuwa mrefu. Tena, maji yakipungua chomboni safari ya kupanda huwa ndefu zaidi, na mmea hupata kidogo zaidi siku hizo ambazo kiu yake ni ile ile. Kwa sababu hiyo chombo kipana na kifupi ni bora kuliko kirefu na chembamba. Dumu la lita 20 lililolazwa na kukatwa ubavu wa juu linafaa kuliko dumu hilo hilo likisimamishwa. Ni vizuri umbali huo usizidi sentimita 15 hata maji yakikaribia kwisha.

UTAMBI GANI UNAFAA?

Swali hili wanafunzi wanaweza kulijibu wenyewe kwa jaribio lisilohitaji maabara. Wakate vipande vya urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 3 kutoka katika khanga kuukuu, khanga mpya, shati la poliesta na gunia la katani, na waongeze kamba ya plastiki ya kufungia mizigo na uzi wa kuvulia samaki. Waviache vining'inie kwenye fimbo, ncha zake zikiwa zimezama katika beseni la maji yaliyotiwa wino, na rula iwe kando. Kimo cha maji kiandikwe baada ya dakika 1, 4, 9, 16 na 25.

Watakuta kwamba khanga kuukuu huyapandisha maji upesi, bali khanga mpya huyakataa, kwa sababu ya wanga na dawa nyingine za kiwandani. Pamba mbichi iliyotoka mtini nayo huyakataa, kwani nyuzi zake zina nta. Vitu hivyo vikichemshwa kwa maji ya sabuni au magadi na kusuuzwa, hubadilika tabia. Kamba ngumu za plastiki hazilowi. Uzi wa kuvulia samaki, ambao ni unyuzi mmoja tu, hauna nafasi ndani yake, wala hauwezi kuwa utambi ijapokuwa ni wa nailoni. Nailoni hiyo hiyo ikiwa imesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba huwa utambi mzuri.

Wakichora grafu, watagundua jambo jingine la kupendeza. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Yakifika sentimita 4 katika dakika ya kwanza, yatafika sentimita 8 baada ya dakika 4, na sentimita 12 baada ya dakika 9 hivi. Kimo hufuata kipeuo cha pili cha muda, kama walivyoonyesha Richard Lucas mwaka 1918 na Edward Washburn mwaka 1921. Baadaye uzito wa maji na mvukizo huupunguza mwendo zaidi, na mstari wa grafu huacha njia hiyo. Mwalimu asiwaambie wanafunzi matokeo kabla hawajachora.

Pamba ina udhaifu mmoja mkubwa: huoza. Vijidudu vya udongo hula selulosi, na utambi wa khanga uliofukiwa katika udongo wenye samadi huweza kukatika baada ya miezi michache, au mapema zaidi. Kwa likizo ya mwezi mmoja unafaa sana. Kwa kiangazi kizima ni afadhali kutumia nailoni au poliesta iliyosokotwa, au soksi kuukuu za nailoni zilizokatwa na kusukwa.

MATATIZO YA NJE

Maelezo mengi ya njia hii huandikwa kwa ajili ya mimea ya ndani ya nyumba katika nchi za baridi. Mmea uliowekwa nje, katika jua la Ruangwa, una mambo yake.

La kwanza ni kwamba sehemu ya utambi iliyo wazi baina ya chombo na chungu hupigwa na upepo, maji yakavukizwa njiani, na chumvi zikaachwa hapo hata zikaziba nafasi za nyuzi. Sehemu hiyo ivishwe kipande cha mpira au bomba la plastiki. Chombo kifunikwe kabisa, si kwa ajili ya mvukizo peke yake. Maji yaliyotulia wazi ni mazalio ya mbu, na mbu wanaoeneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupenda hasa vyombo vidogo vya nyumbani. Kitambaa kizito kilichofungwa mdomoni na kuacha tundu la utambi tu kinatosha. Chupa zinazopenya mwanga zipakwe matope au zivishwe gunia, la sivyo maji yatageuka kijani kwa mwani.

Jingine ni chumvi. Umwagiliaji wa kopo huzisukuma chumvi chini, na umwagiliaji wa utambi huzileta juu. Maji hupanda, huvukizwa juu ya udongo, na chumvi hubaki. Mahali ambapo maji ya kisima yana ladha ya magadi, ukoko mweupe huonekana juu ya udongo baada ya majuma kadhaa, na ncha za majani huungua. Dawa yake ni kumwaga maji mengi kutoka juu mara moja kwa mwezi hivi, chungu kikiwa kimeondolewa juu ya chombo, na maji yanayotoka chini yatupwe.

Lipo pia kosa linaloonekana mara nyingi, la kuweka chupa ya maji kando ya chungu, juu zaidi ya udongo, na kuviunganisha kwa utambi. Mwanzoni mambo huenda vizuri. Lakini uzi wa maji unaoshuka kutoka mahali pa juu kwenda pa chini ni sifoni, sawa na mpira anaotumia fundi kunyonya petroli. Hauulizi kama mmea una kiu. Utaendelea kutiririsha maji, udongo ukiwa umekwisha shiba, mpaka chupa iwe tupu na mizizi imekosa hewa. Chombo kikiwa chini ya chungu, hatari hiyo haipo, kwa maana kila tone halina budi kuvutwa juu dhidi ya uzito wake.

Ili kujua mmea unakunywa kiasi gani kwa kweli, wanafunzi watayarishe vyombo vitatu vilivyo sawa. Cha kwanza kiwe na chungu chenye mmea, cha pili kiwe na chungu chenye udongo bila mmea, na cha tatu kifunikwe tu bila chungu. Maji yapimwe alfajiri na jioni. Tofauti ya cha kwanza na cha pili ni makadirio ya maji yaliyopita mmeani, na hesabu za mchana zikilinganishwa na za usiku zitaonyesha wazi kazi ya stomata. Kwa maoni yangu jaribio hili hufundisha zaidi kuliko picha ya jani iliyochorwa ubaoni.

VIRIBA VYA MICHE

Mtu mwenye vyungu vitano anaweza kuvitia tambi tano. Mwenye viriba mia tano hawezi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona nyumba za vioo ambamo maelfu ya vyungu vidogo vilikaa juu ya mikeka minene iliyoloweshwa, kila chungu kikijivutia maji kutoka kwenye mkeka kupitia matundu yake ya chini. Mikeka ile ni ghali. Lakini mchanga mwembamba wa mtoni unaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Chimba tuta bapa lenye kina cha sentimita 15, lisawazishwe kwa pima maji, kisha litandikwe karatasi ya plastiki isiyotoboka. Simamisha kopo lililotobolewa matundu kwenye pembe moja, nalo litakuwa kisima cha kutazamia. Jaza mchanga uliochekechwa, mwaga maji, na uangalie yasipande juu kuliko sentimita 5 chini ya uso wa mchanga. Viriba vyenye matundu chini vikalishwe juu ya mchanga huo kwa kuvisukuma na kuvizungusha kidogo, ili udongo uguse mchanga. Kichanja cha makuti juu ya tuta kitapunguza kiu ya miche kwa kiasi kikubwa, nacho ni rahisi kuliko kuongeza maji.

Kwa miche ya mikorosho natoa tahadhari. Mkorosho hutoa mzizi mkuu unaoshuka upesi, nao hauvumilii udongo uliotota. Chini ya kiriba kukiwa na maji siku zote, mzizi utatoboa na kuingia mchangani, na siku ya kupandikiza utakatika. Inafaa tuta liachwe likauke siku mbili tatu kabla ya kuongezwa maji, na viriba vinyanyuliwe kila juma ili mizizi iliyotokeza ikatwe ingali michanga. Anayeotesha miche mingi kwa ajili ya kubebesha vikonyo vya mbegu bora, kama zile zilizozalishwa na kituo cha utafiti cha Naliendele karibu na Mtwara, kwanza ajaribu kwa viriba ishirini, vingine ishirini vikiendelea kumwagiliwa kwa kopo, alinganishe mizizi yake kwa kuvipasua vichache. Miche ya miti ya kivuli na mboga haina usumbufu huo.

Mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba huweza kuharibu kazi yote katika usiku mmoja ikiwa chombo hakina pa kumwagia maji yaliyozidi. Mvua hujaza chungu, chungu hujaza chombo, na maji hupanda hadi kwenye mizizi. Tundu moja ubavuni mwa chombo, sentimita 3 chini ya kitako cha chungu, huzuia jambo hilo. Katika tuta la mchanga, tundu hilo litobolewe kwenye karatasi ya plastiki kwa kimo kile kile cha sentimita 5 chini ya uso. Mvua zikishakaza, tambi zitolewe, zioshwe kwa maji ya moto ili chumvi zitoke, zikaushwe kivulini na kuwekwa mahali pasipo panya, mpaka Mei.